Aliyepoa Amepona

Iko nchi moja, jina lake tuliache lilipo, ambayo watu wake wana adabu kuliko mali. Mgeni akijikwaa kizingitini, nyumba nzima humwambia pole, naye, hata kama ukucha umeng'oka, hujibu: "Nimeshapoa." Haijulikani nani alianza. Inajulikana tu kwamba asiyetoa pole hakulelewa, na asiyejibu nimeshapoa ana neno moyoni.

Nchi hiyo ina Wizara ya Nafuu. Mataifa mengine yana wizara za afya, lakini wakubwa wa huko waliona afya ni ahadi nzito mno kumpa mwananchi, nafuu inatosha. Waziri wa Nafuu alikuwa Mheshimiwa Farijala, mtu mnene, mwepesi wa kulia hadharani, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba machozi yake si ya kweli.

Mwaka ule wizara ilileta katika mji mmoja mashine kutoka ng'ambo, ndani ya sanduku kubwa mara tatu ya mashine yenyewe. Kwanza ilitangazwa kuwa ni mashine ya mwanga wa tiba. Siku ya kwanza hakuja mgonjwa hata mmoja, ila dereva wa wizara, naye alikuja kwa amri. Katika mji ule mwanga si ule wa taa tu. Mwanga ni mtu pia, yule anayecheza uchi milangoni pa wenzake usiku ili wasiamke salama. Ukatoka waraka: kuanzia leo mashine iitwe leza, na wananchi wajue haina udugu na mtu yeyote wa mtaani kwao.

Waziri akaja kukata utepe. "Ndugu wananchi!" alisema. "Maumivu ni adui. Adui huyu alikuja kabla ya wakoloni, na wakoloni walipoondoka hawakumchukua. Leo tunamfukuza kwa mwale mwekundu, mwembamba kuliko uzi! Leza hii haikati, haichomi, haidungi, haiulizi kabila. Inapenya chini ya ngozi, inaamsha damu, inatuliza uvimbe, inaiambia nyama changa: ota! Na nyama itaota, kwa sababu imeagizwa na serikali!"

La ajabu ni kwamba, ukiitoa ile sentensi ya mwisho, hotuba ile ilikuwa ya kweli. Watu hawakuizoea hali hiyo, ndiyo maana wengi hawakuitambua.

*

Aliyeitambua ni Bi. Mwanakheri.

Huyu alikuwa somo. Kazi yake, kwa miaka mingi, ilikuwa kuwafunda wari kabla hawajaolewa: namna ya kupokea mgeni, namna ya kukaa, namna ya kukasirika bila jirani kujua. Wasichana wote wa mtaa walipita ukumbini kwake. Alikuwa akiwaambia: "Mtu akikupa pole amekuja na mzigo mikononi. Ukijibu nimeshapoa, umempokea mzigo wake. Ukinyamaza umemwacha kasimama nao mlangoni. Na ukijibu sijapoa, umemtupia usoni."

Neno hilo, sijapoa, katika mji ule lilisemwa kwa watu wa aina moja tu: waliokuja kuhani msiba waliousababisha wenyewe.

Bi. Mwanakheri alikuwa na kisukari, na chini ya unyayo wa mguu wa kulia alikuwa na kidonda. Kilianza kama lengelenge dogo, akalidharau. Kikala ndani. Daktari wa hospitali kuu alikitazama, akakuna kidevu, akasema: "Mama, kikifunga, tumeshukuru. Kikishuka mfupani, mguu huu tutaukata." Alisema hivyo kwa upole, huku akitazama ukutani.

Mumewe, Fundi Shamte, mshona kanzu, alimbeba kwenye baiskeli mpaka kwenye leza. Muuguzi wa mashine alikuwa Hidaya, ambaye ni mwari wa Bi. Mwanakheri, aliyefundwa naye ukumbini, akalia sana siku ya kutolewa nje.

"Somo!" Hidaya alipiga magoti kumwamkia. "Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Haya, hiyo ndiyo leza yenyewe? Mbona kama tochi ya mlinzi?"

"Ndiyo hiyo. Vaa miwani hii, usiutazame mwale."

"Itaniuma?"

"Hutasikia kitu."

Ni kweli hakusikia kitu. Hidaya alisafisha kidonda, akaushika mpini ule mwembamba, akazungusha nukta nyekundu polepole pembezoni mwa jeraha, kisha juu yake, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Bi. Mwanakheri alirudi nyumbani akasema wameibiwa, tochi hata joto haina.

Akaenda tena, na tena. Kisha asubuhi moja aliamka akashangaa, asijue anashangaa nini. Alikaa kitandani akitafuta, mpaka akagundua: hakuna kilichomwamsha. Ule mguu uliokuwa ukimwita kabla ya alfajiri kama mtoto mwenye njaa ulikuwa umelala. Aliuchungulia, na pembezoni mwa kidonda aliona ngozi changa, nyororo, yenye rangi ya ndani ya pera, inasogea kuelekea katikati.

"Fundi," alimwita mumewe. "Njoo uone. Kinapinda upindo."

Fundi Shamte aliinama akautazama ule ukingo kwa macho ya kazi. "Na aliyeupinda anajua," alisema. "Asifumue tu."

*

Wataalamu wa ng'ambo walioleta mashine waliomba jambo dogo: wizara iwaeleze wagonjwa wangapi wamepona. Jambo dogo likaundiwa bodi, bodi ikaunda kamati, kamati ikasafiri kwenda mji mwingine wenye hoteli kutafakari swali. Kumpima kila mgonjwa ni kazi, walisema. Kumuuliza ni bora, lakini mgonjwa akiulizwa hujieleza, na maelezo hayajumlishiki.

Ndipo Mheshimiwa Farijala alipotembelea chumba cha leza na kuwapa pole wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Benchi zima likajibu kwa pamoja, "Tumeshapoa!" Waziri akasimama palepale. Machozi yakamtoka.

"Mmesikia?" aliwauliza wasaidizi. "Wote! Na wengine hata hawajaingia ndani!"

Msaidizi mmoja, kijana aliyesoma, alikohoa. "Mheshimiwa, hiyo ni kupoa. Wataalamu wanauliza kupona."

"Tofauti yake nini?"

"Herufi moja, Mheshimiwa. Ni N."

"Basi," alisema Waziri, "serikali haiwezi kusimamisha maendeleo kwa ajili ya N."

Ikawa kanuni. Ukutani pakaandikwa kwa rangi ya buluu: ALIYEPOA AMEPONA. Chini yake, kwa herufi ndogo: na aliyepona haponywi. Kila chumba cha tiba kikapewa Msikilizaji wa Serikali, mtu wa kukaa kwenye kiti pembeni na muhuri, kusubiri neno. Mgonjwa akipewa pole akajibu nimeshapoa, muhuri unashuka, mashine inazimwa, anaingia mwingine. Wakubwa walisamehewa, maana wao hupewa pole ya majukumu kutwa nzima, na ingekuwa hasara kuwaponya kabla ya chakula cha mchana.

Takwimu zikawa nzuri kupita kiasi. Nchi ile ikatajwa ya kwanza kwa kupona, mbele ya mataifa yenye mashine mia. Ikaletewa nishani, na Waziri akaumia bega alipokuwa akiiinua juu ili watu wa nyuma waione.

*

Msikilizaji wa chumba cha Hidaya aliitwa Bwana Mkanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mgongo mbovu uliomfanya akae kwa ubavu, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuwasaidia vikongwe kupanda ngazi. Muhuri aliushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Hidaya alijua hatari. Alikuwa akifanya kazi meno yameumana, asitoe pole kwa mtu yeyote, na wagonjwa wakaanza kumnong'ona kwamba cheo kimemharibu. Bi. Mwanakheri mwenyewe alimnunia siku mbili tatu.

Siku hiyo bandeji ilikuwa imegandamana na kidonda. Hidaya aliilowesha, akaivuta taratibu, lakini ikabanduka ghafla na Bi. Mwanakheri akaruka kitandani.

"Pole, somo!" Hidaya alisema. Lilimtoka kabla hajalikamata.

"Nimeshapoa, mwanangu," akajibu Bi. Mwanakheri, machozi yakimlengalenga.

Bwana Mkanga alitazama muhuri wake, akatazama dari, akatazama tena muhuri. Kisha ukasikika: *ta!*

"Bwana Mkanga," Hidaya alisema. "Tafadhali. Kidonda hiki hapa. Njoo ukione kwa macho."

"Mimi ni Msikilizaji, dada yangu. Anayeona ni ofisi nyingine, na bado haijafunguliwa."

"Lakini ni adabu tu!" alisema Bi. Mwanakheri, huku miwani ya kukinga mwale ikimning'inia sikioni. "Ningejibuje? Wewe ukipewa pole unajibuje?"

Bwana Mkanga alijisogeza kitini kwa uchungu. "Mama yangu, mgongo huu ulikuwa kwenye foleni ya leza. Mke wangu akanipa pole mezani, nikamjibu. Dirisha lilikuwa wazi, na jirani yetu ni Msikilizaji." Akainama. "Kuna rufaa. Siku ya Nafuu, mbele ya Waziri. Atakupa pole yeye mwenyewe. Ukijibu kwamba hujapoa, muhuri unafutwa."

"Nimjibu Waziri *sijapoa*?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Mbele za watu?"

Hidaya alikuwa ameshazima mashine, na ile nukta nyekundu ilikuwa imetoweka kwenye unyayo.

*

Fundi Shamte akageuka mwalimu. Kila alasiri alikunja kanzu za watu, akaketi mbele ya mkewe, akajitia uwaziri kwa kutoa tumbo mbele.

"Pole, bibi."

"Nimesha..."

Alipiga kofi mezani. "Tena. Pole sana, bibi."

"Asante baba, nime..."

"Mwanakheri!"

"Basi usinitazame! Ukinitazama hivyo nakuonea haya."

"Sasa Waziri nimwambie aje kafumba macho? Haya, tena. Pole."

Aliuma midomo. Shingo ilimsimama mishipa. "Si... si... Fundi, maji yamechemka huko, nenda kayatazame."

Walicheka, kwa sababu walikuwa wamezeeka pamoja na hawakujua namna nyingine ya kuogopa. Lakini kidonda hakikucheka. Ule upindo wa ngozi changa ulianza kufifia, kisha kurudi nyuma, kisha ukaoza. Mguu ukarudia kumwamsha kabla ya alfajiri. Harufu ilipoanza, Bi. Mwanakheri alichoma udi asubuhi na jioni, akiwaambia majirani kwamba amerudiwa na ujana.

Hidaya alifika na bandeji alizozificha chini ya ushungi. Alisafisha kidonda kwa chumvi na maji yaliyochemshwa, bila kufungua kinywa. Leza hakuweza kuileta. Ilikuwa imehamishiwa kwa Waziri kwa muda, kwa ajili ya lile bega la nishani. Inasemekana bega lilipona vizuri sana. Mashine, kama tulivyosema, ilikuwa nzuri.

Siku moja kabla ya rufaa, Fundi Shamte alijaribu mara ya mwisho. "Pole, bibi," alisema, bila tumbo wala mzaha. Sauti yake yenyewe.

Bi. Mwanakheri alimtazama kwa muda mrefu. "Sijapoa," alisema.

Fundi Shamte akainuka akatoka nje. Alikuwa ameomba neno lile kwa majuma, na lilipofika likamuuma kama tusi.

*

Siku ya Nafuu uwanja ulijaa. Kulikuwa na gwaride la magongo yaliyotelekezwa. Baadhi yake yalikuwa yamenyang'anywa watu getini. Kulikuwa na kwaya. Waziri alizungumza saa nzima kuhusu bega lake.

Kisha wakaitwa wakata rufaa. Walikuwa wachache, maana wengi walikuwa wamefikiria wakaona aibu. Wa kwanza alikuwa mkwezi aliyeanguka mnazini, kaletwa juu ya mlango ulioondolewa bawaba. Waziri akamwinamia. "Pole, baba." Mkwezi akatazama suti, akatazama kamera. "Nimeshapoa, Mheshimiwa," alisema, akabebwa kurudishwa huku akipigiwa makofi.

Zamu ikafika. Bi. Mwanakheri alikuwa amevaa kanga mpya, mguu umefungwa kitambaa cheupe alichokishona Fundi. Alipoinua macho aliwaona wari wake. Walikuwa kila mahali: wake za watu sasa, mama wa watu, wameshika mabinti zao mikono. Wote aliwafunda yeye. Wote walijua neno linalotakiwa kumtoka, na wote walijua kwamba si hilo alilokuja kulisema.

Mheshimiwa Farijala akainama. "Pole sana, bibi yangu."

Bi. Mwanakheri aliuma midomo. Shingo ilimsimama. Aliukamata mkono wa Fundi Shamte, akaukandamiza mpaka mifupa ikalia.

"Sijapoa," alisema Bi. Mwanakheri.

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Mwanamke mmoja alimziba bintiye masikio. Bwana Mkanga, aliyekuwa jukwaani na muhuri wake, alitazama chini, na wanaosema walimwona akitabasamu huenda walimwona kweli. Hidaya alikuwa ameshaanza kupasua umati kuja kumkumbatia.

Waziri alibaki ameinama. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lile. Alimtazama yule bibi, akautazama ule mguu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ile harufu ilimfikia. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu tu. Alipiga goti kwenye vumbi na suti yake, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Jamani, mama yangu," alisema, sauti ikikatika. "Pole. Pole sana mama yangu."

Na Bi. Mwanakheri, ambaye alikuwa ametumia nguvu zake zote kulinda mlango mmoja, ambaye kwa majuma hakuna mkubwa wa serikali aliyemtazama mguu, alipoiona pole ile inakuja na mzigo wake, imepiga magoti, inalia, hakuweza kuiacha imesimama nje.

"Asante, baba," alisema. "Nimeshapoa."

*Ta!*

Hakuwa Bwana Mkanga. Alikuwa Msikilizaji Mkuu, aliyekaa nyuma yake. Uwanja ukalipuka. Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Mtangazaji alipiga kelele kwamba mbele ya macho ya taifa mgonjwa sugu amepona kwa neno la Waziri peke yake, bila hata mashine, na kwamba hii ni hatua kubwa katika kupunguza gharama. Waziri, angali amepiga goti, aligeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeamshwa. Alifungua kinywa. Wasaidizi walimnyanyua kwa makwapa na kumwonyesha kamera ilipo.

Fundi Shamte alimpandisha mkewe kwenye baiskeli.

*

Mguu ulikatwa kabla ya mvua, chini kidogo ya goti. Taarifa ya mwaka ya Wizara ya Nafuu ina jedwali linaloitwa *Viungo Vilivyoacha Kuuma*, na katika safu ya miguu ya kulia umo na huo. Leza imerudi chumbani kwake. Inafanya kazi vizuri, na foleni yake ni fupi.

Wodini walikuja wengi. Wari wake walileta uji, machungwa, mito ya sufi. Kila mmoja alitoa pole, na kila mmoja alijibiwa nimeshapoa, kwa tabasamu, kama inavyopasa. Bwana Mkanga alikuja bila muhuri, akakaa kwa ubavu, akaondoka bila kusema lolote, maana alijua kinywa chake kilivyokuwa ghali.

Hidaya alichelewa kuja. Alipofika alikaa mwisho wa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa limelala bapa, na akautazama ubapa ule. Midomo ilikuwa imebanwa.

"Mbona hunipi pole?" aliuliza Bi. Mwanakheri. "Nilikufunda nini?"

"Naogopa, somo."

"Unaogopa nini? Mguu haupo tena. Watauponya nini?"

"Naogopa utanijibu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi.

"Nipe tu, mwanangu."

"Pole, somo."

"Sijapoa," alisema Bi. Mwanakheri.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema polepole, kama mtu anayetua ndoo.

Hidaya alisubiri, maana kila neno katika mji ule lina mwenzake, na mwenzake wa hilo hakuwahi kufundishwa. Alimtazama somo wake amfundishe. Somo naye hakulijua. Basi Hidaya akavuta kiti karibu, akaushika ule mkono, akabaki hapo.

"Ehe," alisema Bi. Mwanakheri baada ya muda, macho kayafumba. "Labda ni hivyo."